Sauti Inayoupisha Wimbo

Muziki wa kantri una wenyewe Nairobi. Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini hadi leo sauti yake inasikika katikati ya jiji, na majina ya Don Williams na Kenny Rogers hayahitaji kuelezwa, si River Road wala Westlands. Elvis Otieno, ambaye mashabiki wanamwita Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba kantri katika kumbi za jiji hili. Mwezi wa Julai 2025 watu waliovaa kofia pana na buti walifurika Ngong Racecourse kuusherehekea muziki huu. Katika hazina hiyo yote, kazi ninayoipenda kuliko zote ndiyo yenye mbwembwe chache kuliko zote: albamu ya tenzi za kale ambayo Alan Jackson aliitoa mwaka 2006 na kuiita Precious Memories.

Jackson, mzaliwa wa Newnan katika jimbo la Georgia, alikuwa tayari nyota mkubwa. Hakuirekodi albamu hii kwa ajili ya soko. Mama yake alikuwa amemwomba kwa muda mrefu amwimbie nyimbo za kanisani, naye akaziimba ziwe zawadi yake ya Krismasi. Baadaye ndipo kampuni ilipoitoa, ikashika nambari moja kati ya albamu za kantri na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Lakini ukiisikiliza, bado unamsikia mwana anayemwimbia mzazi wake. Nani angejionyesha mbele ya mama aliyemfundisha wimbo wenyewe?

Sikiliza anavyouimba Blessed Assurance, utenzi ambao Fanny Crosby, mshairi asiyeona, aliuandika mwaka 1873. Ala ni chache, na zinampa sauti tu, kama mwanzishaji anavyowapa waumini. Kisha anaingia, kwa kimo ambacho mzee wa besi anakifikia na mama wa sauti ya kwanza hakimshindi. Havuti silabi, haiviringishi noti ya mwisho. Kila mstari unapokwisha anatua, na anatua pale pale ambapo kanisa zima lingevuta pumzi. Kwenye kiitikio waitikiaji wanajiunga naye bila kumfunika. Ukijaribu kuimba pamoja naye, utajikuta hujaachwa nyuma hata mara moja. Ameuacha mlango wazi kila ubeti.

Wapo watakaosema hilo si ufundi, kwamba hivyo hata mimi naweza. Mwambie mwimbaji yeyote mwenye koo zuri aimbe beti tatu bila kuongeza chochote chake, uone atakavyohangaika. Mwimbaji amezoea kusikilizwa, na utenzi unamtaka awasaidie wengine wasikike. Jim Reeves alikuwa ameionyesha njia. Mwaka 1957, aliporekodi Four Walls, aliusogeza mdomo karibu na maikrofoni na kuishusha sauti, wakati waimbaji wengi wa kantri walikuwa bado wanaipaza. Miaka mitano baadaye akatoa We Thank Thee, albamu ya nyimbo za dini, akiimba kwa upole ule ule. Aligundua kwamba sauti ya chini humfanya msikilizaji asogee, na anayesogea yuko karibu kuimba.

Nyimbo hizi zilifika kwetu kabla ya santuri. Wamisheni kutoka Scotland walipiga kambi Thogoto, magharibi mwa Nairobi, mwaka 1898, na tenzi zikatafsiriwa kwa Kigikuyu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi. Wazee wetu walijifunza kwa solfa, do-re-mi ubaoni, sauti nne, bila kinanda. Kwa hiyo nyimbo za Jackson zinapopigwa Jumapili asubuhi katika matatu inayoshuka Waiyaki Way kutoka Kikuyu, abiria hawasikilizi kitu cha ugenini. Mama aliyepandia Kinoo anashika sauti ya pili kwa midomo iliyofumbwa. Yule wa Uthiru anaimba kwa lugha yake, na maneno ya Kiingereza yanapita kando bila kumsumbua. Mwimbaji wa Georgia anakuwa mwanzishaji, na gari zima ndilo kwaya.

Katika albamu hiyo umo pia utenzi tunaouimba kama Yesu Kwetu ni Rafiki. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka 1855, akiwa Kanada, ili kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa kwao Ireland. Hakuwa na nia ya kuyachapisha. Miaka 150 hivi baadaye mwana mwingine akaufikisha wimbo huo huo kwa mama yake, naye hakuwa na nia ya kuuza. Naamini hapa ndipo siri ya ufundi huu ilipo. Anayeimba kwa ajili ya mtu mmoja anayempenda hana haja ya kumshangaza, na unyenyekevu huo unawafaa mamilioni wasiomjua.

Siyadharau mapambio wala vikundi vya sifa vya makanisa yetu ya mjini, vyenye ngoma na gitaa za umeme. Vina siku yake na furaha yake. Lakini nenda kwenye maombi ya msiba Kangemi au Kawangware, jioni, watu wamejaa sebuleni hadi nje kwenye viti vya plastiki. Hapo hakuna ala wala skrini ya maneno. Mtu mmoja anaanzisha, na ndani ya mstari wa pili sauti zote nne zimejipanga zenyewe. Ni tenzi zinazobeba saa hiyo, kwa sababu kila aliyepo amepewa nafasi ndani yake tangu utotoni.

Ndiyo maana nawaomba waimbaji wetu wa kantri, wenye sauti na wapiga gitaa hodari, wachukue kitabu cha Tenzi za Rohoni na kutengeneza albamu ya namna hii hapa Nairobi. Gitaa kavu moja, kinanda kimoja, waitikiaji wanne waliolelewa na kwaya za mitaa. Waimbe Kiswahili, beti zote bila kuruka, kwa kimo ambacho yule mama wa Kinoo anakiweza. Wakijaribiwa kuongeza madoido, wamkumbuke mama huyo anayetaka kuimba pamoja nao, na wampishe.