Mafundi wa Njia za Karura

Kwa miaka kadhaa nilitembea katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi, bila kujua kwamba njia zake hutengenezwa. Nilidhani zipo tu, kama vile kima walivyopo. Kisha Aprili moja, asubuhi iliyofuata mvua ya usiku kucha, mtaani kwetu matope yakifika kwenye vifundo vya miguu, nilishuka hadi kwenye maporomoko ya Mto Karura na nikarudi viatu vikiwa na uchafu kidogo tu. Tangu siku hiyo nikishuka mtoni hutazama chini.

Huko chini kuna kazi ya mikono. Njia haiteremki moja kwa moja kuelekea mtoni. Hukata ubavu wa mteremko polepole, ikazunguka shina la mti na kurudi ilikotoka. Anayekwenda mbio humwudhi, na hata mimi iliniudhi. Lakini udongo mwekundu wa Nairobi ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni, na maji yakipewa mteremko ulionyooka huchimba korongo kwa masika machache tu. Ndiyo maana kila baada ya hatua kadhaa utakuta gogo, au safu ya mawe, limefukiwa kwa mshazari, likichungulia juu kiasi cha vidole viwili au vitatu. Maji yakifika hapo hugeukia kando na kuingia majanini kabla hayajashika kasi. Ukingo wa njia ulio upande wa bonde nao hushushwa kidogo, jambo ambalo jicho halilioni upesi ila kifundo cha mguu hulihisi.

Mshazari wenyewe ndio mtihani. Ukilazwa mno, mchanga hutuama nyuma ya gogo, mtaro ukaziba, na mvua inayofuata maji yakaruka juu. Ukisimamishwa mno, maji hupita kwa nguvu na kuchimba mwisho wa gogo hadi likabaki linaning'inia. Siku moja nilimkuta mzee akizibua mtaro wa namna hiyo kwa jembe. Nikamsalimu, kisha nikamwuliza, "Mzee, unajuaje mahali pa kuliweka?"

"Ngoja mvua inyeshe, halafu kuja uone maji yanapita wapi," akanijibu, akaendelea kulima.

Nilirudi na mwavuli. Ni kweli: saa ya kuikagua njia ni ile ambayo kila mtu mwenye akili yuko chini ya paa.

Kazi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Karura ina zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na njia zake ukiziunganisha zinapita kilomita 50. Msitu ni mali ya umma tangu ulipotangazwa rasmi mwaka wa 1932, lakini karatasi hiyo peke yake haikuuokoa. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi kimyakimya. Mwanamazingira Wangari Maathai alipokwenda kupanda mche langoni kulipinga hilo, tarehe 8 Januari 1999, walinzi wa kukodiwa walimpasua kichwa. Habari hiyo inajulikana. Isiyosimuliwa sana ni ile ya baadaye: msitu uliookolewa ulibaki mahali pa kuogopwa, pa majambazi na wakata kuni, mpaka Sheria ya Misitu ya 2005 ilipofungua mlango kwa vyama vya jamii kutunza misitu pamoja na serikali. Chama cha Friends of Karura kikashika kazi, uzio ukajengwa, na vijana wa Huruma, kijiji kinachopakana na msitu, wakaajiriwa kuulinda. Sioni hekima kubwa kuliko hiyo: anayezijua njia za panya ndiye anayefaa kuzilinda.

Kando ya mito ufundi hubadilika, ukawa wa subira zaidi. Mikaratusi ilipandwa hapa enzi za ukoloni, treni zilipokuwa zikila kuni. Huwezi kuiondoa yote kwa mkupuo, kwa kuwa ukingo utabaki uchi na masika yataubeba. Huvunwa sehemu kwa sehemu, na kila kisiki hurudiwa, maana mkaratusi uliokatwa huchipua machipukizi mengi kuliko shina la kwanza. Halafu kuna lantana, ua zuri la bustani lililogeuka mnyakuzi wa ardhi. Ukiifyeka kwa panga umeipogoa tu. Hurudi na matawi zaidi. Lazima uing'oe na mizizi yake, kwa sururu na mgongo wako, na kisha urudi tena, kwa sababu ndege hula matunda yake na kuisia upya.

Dawa yake ya kudumu ni kivuli. Lantana hupenda jua, basi kwanza hupandwa miti ya haraka kama mukinduri, na chini yake hukuzwa ile isiyo na haraka, kama muhugu, ambao wachonga vinyago waliuwinda kwa ugumu wake. Anayeupanda muhugu akiwa na nywele nyeusi hatarajii kuegemea shina lake. Nimewatazama watu wakipanda miche hiyo, wakipima kwa macho umbali wake na maji, na sikuona yeyote aliyeonekana kufikiria jambo hilo.

Matokeo yapo juu vileleni mwa miti. Mbega walikuwa wametoweka Karura kwa miongo mingi. Kuanzia mwisho wa 2014 walihamishwa hapa kutoka Kipipiri, ambako miti yao ilikuwa ikimalizwa mashambani. Mbega hula majani na hapendi kushuka ardhini. Anahitaji tawi linalogusana na tawi. Wakazaliana. Mimi huchukulia hilo kuwa cheti cha mafundi.

Mto wenyewe ni habari nyingine. Huingia msituni ukiwa tayari umebeba chupa za plastiki na maji ya mitaa ya juu, na hakuna gogo la mshazari linalozuia hayo. Wanaookota huokota, na wiki inayofuata huanza upya. Maji hayo huendelea hadi Mto Athi, kisha Galana, na hatimaye huingia baharini huko Sabaki, karibu na Malindi. Mvuvi wa kule hupokea kilichopita hapa.

Nawe ukienda Karura, utafika mahali ambapo njia inazunguka na mbele yako kuna mkato mfupi uliozibwa kwa matawi makavu. Usiyaruke, wala usiyasogeze. Hayakuanguka yenyewe.