Wanaopanda Katika Vumbi

Mwishoni mwa Machi, pande za Kitale, Kenya, utawakuta wakulima wakifukia mahindi katika udongo mkavu unaotimka vumbi. Mvua bado haijanyesha. Mpita njia asiyejua atadhani mbegu inatupwa bure, nami sioni kazi ya shamba inayostahili heshima kuliko hiyo.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ndiko ilikotoka mbegu chotara ya 611 mwaka 1964, na mahindi ya jamii hiyo hukaa shambani miezi sita hadi minane. Kwa muda wote huo mtu angedhani wiki mbili za kuchelewa zitafidiwa baadaye. Hazifidiwi, na sababu imo chini ya ardhi.

Mche wa mahindi ukishachomoza, majani yake huonekana juu, lakini kile kitovu cha ukuaji kinachotengeneza majani, na baadaye mbelewele, hubaki udongoni mpaka mche ufikishe majani kama sita. Kwa hiyo wiki za mwanzo mche hauendi kwa joto la hewa. Huenda kwa joto la udongo. Likishuka karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, mahindi hukaribia kusimama kabisa. Machi udongo ni mkavu na jua halina kizuizi, basi ardhi hupata joto upesi. Mvua ikishakolea, mawingu hulifunika jua, maji huipoza ardhi, na aliyepanda wakati huo mche wake huanza maisha katika baridi. Watafiti P. J. M. Cooper na R. Law walilichunguza jambo hili hapo Kitale miaka ya 1970, wakaona kuwa joto la udongo la wiki hizo za kwanza linahusiana na mavuno yanayopimwa miezi mingi baadaye.

Kuna pia zawadi ya pili kwa anayewahi kupanda. Udongo uliokauka sana ukilowa, vijidudu vyake huamka na kuachilia nitrojeni kwa wingi, kwa muda mfupi tu. Mtafiti H. F. Birch aliieleza hali hiyo mwaka 1958, akiwa Muguga, huko huko Kenya. Mizizi iliyokwisha kuwapo huiwahi. Isipokuwapo, mvua huizamisha nitrojeni hiyo mbali.

Lakini kujua sababu ni jambo moja, mkono ni jambo jingine. Anayepanda kabla ya mvua anacheza na hatari: manyunyu ya siku moja yanaweza kuiamsha mbegu, kisha jua la wiki nzima likaiua. Mpandaji stadi huichimbia shimo la kina zaidi, karibu upana wa kiganja, ili manyunyu yasiifikie na ni mvua ya kweli tu itakayoiotesha. Akizidisha kina, mche utachoka kabla haujaona mwanga. Mbolea ya kupandia huitia kwanza, akaifunika kwa udongo kidogo isiiunguze mbegu. Kisha hulinda, maana panya na kwale nao wanajua kuna nini humo. Mtazame akirudia vipimo hivyo shimo baada ya shimo, mstari mzima, bila kuinua rula.

Na mkono huo haungekuwa na pa kupanda kama shamba halikuandaliwa tangu zamani. Mabua yaliondolewa mavuno yalipokwisha, plau ikapita Desemba au Januari, haro ikafuata Februari. Tarehe ya kupanda, kwa kweli, huamuliwa wakati huo, wengine wakiwa bado wanahesabu magunia.

Mabondeni kwenye joto kali hesabu ni nyingine: huko hofu ni jua la wakati wa kuchanua, linaloua chavua. Usiichukue kalenda ya Kitale ukaipeleka huko.

Ila wewe mwenye shamba milimani, tafuta trekta Desemba, kabla foleni haijaanza. Mbolea utaikopa hata Aprili; joto la Machi halikopeshwi na mtu.