Mizani ya Kumi: Namna ya Kutambua Polinomia Iliyochanganuliwa Vizuri

Tuseme madaftari mawili yamefunguliwa chini ya mwembe mmoja wa Itetemia, na swali ni moja: kuchanganua x³ − 7x + 6 kwa vigawo vyake. Wenye madaftari ni wanafunzi wa kidato cha tano. Wote wawili wameona kwamba x ikiwa 1, jumla inakuwa 1 − 7 + 6, yaani sifuri. Kwa hiyo x − 1 ni kigawo. Wote wamegawanya kwa njia ya mkato, na wote wamepata baki sifuri. Daftari la kwanza linaishia na (x − 1)(x − 6). La pili linaishia na (x − 1)(x − 2)(x + 3).

Jibu la kwanza ni kosa lililovaa kanzu ya Ijumaa. Mwenye daftari alipanga namba tangulizi 1, −7, 6, akasahau kwamba x² haipo kwenye swali na nafasi yake ilidai sifuri. Mstari sahihi ni 1, 0, −7, 6. Kilichomponza ni kwamba mstari mbovu nao ulitoa baki sifuri, akaridhika. Bila kujua, alikuwa amechanganua x² − 7x + 6, mzigo wa mtu mwingine kabisa.

Angeweza kuligundua kosa hilo kwa nusu dakika, bila mwalimu wala kitabu, kama angeweka 10 mahali pa x. Swali lenyewe linatoa 1,000 − 70 + 6, yaani 936. Jibu lake linatoa 9 × 4, yaani 36. Jibu la mwenzake linatoa 9 × 8 × 13, nayo ni 936 kamili.

Itetemia, palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, ni sehemu ya Tabora, mji uliozoea shule. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya 1920, na Julius Nyerere akaingia humo mwaka 1937. Zipo pia shule za Milambo na Kazima, na shule ya wasichana. Mwanafunzi anayekulia huko hukutana na vigawo mara mbili. Kwanza ni shule ya msingi, kwa Kiswahili: kigawo, kigawe, namba tasa, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Kisha ni sekondari, ambako masomo hugeuka Kiingereza na kigawo kilekile hurudi kikiwa na jina geni na kimejaa herufi. Wengi hawakitambui tena. Wanadhani wameanza somo jipya, kumbe wamerudi kwenye 12 = 2 × 2 × 3.

Mizani ya kumi, yaani kuweka 10 mahali pa x, inarudisha undugu huo. Polinomia x² + x + 1 ni 111 pale x inapokuwa 10. Polinomia x³ + 2x + 5 ni 1,025. Namba tunazoandika kila siku ni polinomia ambazo x yake imekwisha kujulikana. Kwa hiyo anayetaka kupima kazi ya kuchanganua anaweza kuanza na kile alichokijua tangu utotoni, mradi ajue mizani hiyo inapima nini na inashindwa wapi.

Jicho kabla ya kalamu

Fundi hutambulika kabla hajaandika mstari wa pili. Hulitazama swali lote kwanza na kuuliza: kuna kitu ambacho istilahi zote zinakishiriki? Katika 3x⁵ − 48x kipo, nacho ni 3x. Kikitolewa hubaki x⁴ − 16, tofauti ya miraba miwili, na kazi humalizika yenyewe: 3x(x − 2)(x + 2)(x² + 4). Asiyetoa 3x mwanzoni huishia kusaka mizizi ya polinomia ya daraja la tano, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Jambo la pili ni kujumlisha namba tangulizi. Zikileta sifuri, x − 1 ni kigawo. Kisha hubadilishwa alama za istilahi zenye vipeo witiri na kujumlishwa tena. Sifuri ikitokea, x + 1 ni kigawo. Majaribio haya mawili hufanyika kichwani, na daftari zuri halina haja ya kuyaonyesha kwa mistari sita.

Baada ya hapo ndipo uzuri wa kazi unapoonekana. Chukua 2x³ − 3x² − 11x + 6. Kanuni inasema kwamba mzizi ukiwa sehemu iliyorahisishwa, kiasi chake lazima kigawe 6, namba iliyo peke yake mwishoni, na asili yake lazima igawe 2, namba inayotangulia x³. Wagombea ni 1, 2, 3, 6, ½ na 3⁄2, kila mmoja kwa chanya na hasi: jumla 12. Mwanafunzi wa kawaida huanza kuwaita mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu anayesoma mahudhurio.

Fundi huweka sifuri na kupata 6, kisha huweka 1 na kupata −6. Kati ya 0 na 1 thamani imetoka juu ya sifuri ikashuka chini yake, basi kuna mahali imepita kwenye sifuri. Katika wagombea wote 12, ni ½ peke yake aliye kati ya 0 na 1. Anamjaribu: ¼ − ¾ − 5½ + 6 ni sifuri. Hakubahatisha. Angalau alijua aanze na nani, na kwa sababu gani.

Mahali mzigo unapopotea

Kugawanya kwa mkato, njia inayohusishwa na Mwitaliano Paolo Ruffini wa mwanzoni mwa karne ya 19, ni vigumu kukosea mikono ikishazoea, ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile sifuri iliyosahauliwa. Wa pili ni wa kimyakimya zaidi.

Katika mfano wetu, kugawanya kwa x − ½ kunatoa 2x² − 2x − 12. Wengi huona kwamba kila istilahi inagawanyika kwa 2, wanaandika x² − x − 6, wanapata (x − 3)(x + 2), na jibu lao linakuwa (x − ½)(x − 3)(x + 2). Mizizi yote mitatu ni sahihi. Jibu si sahihi. Mizani inasema hivyo mara moja: swali kwa 10 ni 1,596, na jibu hilo ni 9.5 × 7 × 12, yaani 798, nusu kamili. Ile 2 iliyotolewa imeachwa njiani. Mahali pake ni kwenye kigawo chenye sehemu, na jibu safi ni (2x − 1)(x − 3)(x + 2): 19 × 7 × 12, sawa na 1,596.

Hapa pana tofauti kati ya kutafuta mizizi na kuchanganua. Anayetafuta mizizi anaweza kupoteza ile 2 na asidhurike. Anayechanganua ameahidi kwamba vipande vyake vikizidishwa vitarudisha kitu kilekile, bila kupungua hata chembe. Daftari linalochanganya kazi hizi mbili ni la mtu ambaye bado hajajua ameulizwa nini.

Kujua pa kusimama

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba bidhaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikuwa na desturi ya kugawa shehena katika mizigo ambayo kila mtu angeimudu. Vitambaa vilifungwa upya, shanga zikapimwa upya. Lakini pembe kubwa ya ndovu haikukatwa ili iwe nyepesi, maana ingepoteza thamani. Ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili mabegani. Mkuu wa msafara alipaswa kujua kipi kinagawanyika na kipi hakigawanyiki.

Katika polinomia, pembe hizo ni vigawo vya daraja la pili visivyovunjika. Kasoro ya kwanza ni kusimama mapema. Wanafunzi wawili wanapewa x⁶ − 1. Mmoja anaiona kuwa tofauti ya miraba, (x³ − 1)(x³ + 1), na kwa hatua moja zaidi anafika kwenye (x − 1)(x² + x + 1)(x + 1)(x² − x + 1). Mwingine anaiona kuwa tofauti ya vipeo vya tatu, anapata (x² − 1)(x⁴ + x² + 1), anavunja x² − 1 na kuweka kalamu chini. Kwa 10, vipande vya wote wawili vinarudisha 999,999. Mizani haina malalamiko, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: inakamata jibu lisilo kweli, haikamati jibu ambalo halijafika.

Hata hivyo inatoa dokezo. Kipande alichokiacha yule wa pili, x⁴ + x² + 1, kwa 10 ni 10,101, na namba hiyo ni 111 × 91. Anayekumbuka kwamba 111 ni x² + x + 1, na kwamba 91 ni 100 − 10 + 1, amekwisha kuona vigawo viwili vilivyojificha.

Kasoro ya pili ni kutaka kuvunja kisichovunjika. Huyo huyo aliyefurahia 91 anaweza kuona kwamba 91 ni 7 × 13 na kuanza kuhangaika na x² − x + 1. Ajipime kwa b² − 4ac: 1 − 4 ni −3, namba hasi, basi kigawo hicho hakivunjiki kwa namba halisi. Namba kuvunjika si ushahidi kwamba polinomia nayo inavunjika. Na namba tasa nayo haitoshi kuwa ushahidi wa kinyume chake: (x − 9)(x + 1) kwa 10 ni 11 tu, kwa kuwa kipande kimoja kimekuwa 1.

Kazi iliyokomaa pia husema imesimama kwenye namba za aina gani. Polinomia x⁴ − 5x² + 6 ni (x² − 2)(x² − 3), na kwa namba kamili safari imeisha. Swali likiruhusu vipeuo vya pili, kila kipande kinavunjika tena. Majibu yote mawili ni sahihi, ila daftari lisilosema limechagua lipi linamwachia msahihishaji kubahatisha.

Pasipo na mizizi ya kuchuma

Kipimo cha juu kabisa cha ufundi ni polinomia isiyo na mzizi hata mmoja wa kukamata. Thamani ya x⁴ + 4 haifiki sifuri kwa x yoyote halisi, na wengi huandika hapo kwamba haichanganuliki. Mwanahisabati Mfaransa Sophie Germain, aliyeishi kati ya 1776 na 1831, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye njia ya kuifungua. Huongezwa 4x² na kutolewa palepale: (x² + 2)² − (2x)². Tofauti ya miraba imezaliwa, na jibu ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Kwa 10: 122 × 82, nayo ni 10,004.

Daraja la tano limezungukwa na uvumi. Mwaka 1824 kijana wa Norway, Niels Henrik Abel, alithibitisha kwamba hakuna kanuni moja ya vipeuo inayotatua milinganyo yote ya daraja la tano. Ruffini yuleyule wa njia ya mkato alikuwa ametangulia kulidai jambo hilo mwaka 1799, uthibitisho wake ukiwa na pengo. Wanafunzi wanalisikia hilo nusunusu na kuhitimisha kwamba daraja la tano halichanganuliki. Abel hakusema hivyo.

Tazama x⁵ + x + 1. Wagombea ni 1 na −1 tu, na wote wanaanguka. Mizani inatoa 100,011, na jicho lililozoea linaona 111 × 901. Kisha inatafutwa sababu: ongeza x² na uitoe, upate x⁵ − x² pamoja na x² + x + 1. Sehemu ya kwanza ni x²(x³ − 1), ambayo ndani yake mna x² + x + 1. Kigawo cha pamoja kimejitokeza, na jibu ni (x² + x + 1)(x³ − x² + 1). Namba 901 ni 1,000 − 100 + 1.

Anayekagua kazi ya namna hii, awe mwalimu, mzazi aliyesoma hesabu au mwanafunzi anayejisahihisha mwenyewe usiku, atafute alama nne kwa mpangilio huu: kigawo cha pamoja kilitolewa kwanza, nafasi za vipeo visivyokuwepo zilijazwa sifuri, kila kipande cha mwisho kimeulizwa kama bado kinavunjika, na pembeni mwa jibu kuna mstari mmoja wa kulipima kwa 10. Daftari lenye alama tatu za kwanza bila ya nne ni zuri. Lenye ya nne peke yake ni la mtu mwaminifu ambaye bado anajifunza, na huyo hufundishika bila shida.

Msomaji anayetaka kujijaribu achukue x⁸ + x⁴ + 1. Kwa 10 ni 100,010,001. Vigawo vyake kwa namba kamili ni vitatu, na aliyepata viwili arudi atazame kile chenye thamani ya 10,101.