Kitenzi NI katika Anwani ya Walenisi

Mtahiniwa akiulizwa kufafanua anwani ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyochapishwa mwaka 1995, huelekea kujibu kuwa ni jina la nchi ya usawa, kisha akaishia hapo. Jibu hilo ni nusu tu. Jina hili ni sentensi kamili: WALE (kiwakilishi kiashiria) + NI (kitenzi kishirikishi kipungufu) + SISI (kiwakilishi cha nafsi).

Ifahamike kuwa Kiswahili hutenga kuwapo na kuwa. Husema wapo, wako au wamo kwa kuonyesha mahali. Kuna, pana au mna kwa kutaja kilichopo. Na ni kwa kusema huyu ndiye yule. Lugha za kubuni huchagua njia zake. Kiesperanto, alichokitoa Zamenhof mwaka 1887, hutumia estas kwa "ni" na kwa "kuna" pia. Kiklingoni cha filamu za Marekani, kazi ya Marc Okrand, hakina kitenzi cha "ni". Palipo na kitu, husemwa kwamba kinaonekana.

Mkangi hakubuni lugha nzima, bali jina. Je, kwa nini akachagua NI? "Wale wapo" ingewaacha wale huko huko mbali. "Wale kama sisi" ingekuwa tashbihi, na tashbihi huacha ufa kati ya vitu viwili. NI ni kitenzi cha sitiari: kinafuta umbali uliowekwa na WALE. Linganisha na Thomas More, ambaye mwaka 1516 aliita kisiwa chake Utopia, yaani pasipo mahali. Jina la More linakana mahali. La Mkangi linadai undugu. Kwa hivyo Dzombo anapofika Walenisi kwa chombo cha angani, msomaji asiulize tu nchi hiyo iko wapi, bali wakazi wake ni nani kwake.

Kwetu Soy swali hili si la mtihani pekee. Kati ya Desemba 2007 na Februari 2008, jirani aliitwa "wale" kote katika eneo la Eldoret, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa likachomwa na watu ndani yake.

Mwalimu, waambie wanafunzi wageuze NI iwe SI. Konsonanti moja tu inabadilika. Kisha waeleze, kwa kurejelea matukio ya riwaya, ni nini kingine kinachobadilika.