Ukinunua nyimbo za Juma Bhalo, mtafute na malenga

Majuzi sokoni Kinango, kijana mwenye kiu ya kitu kipya aliniuliza anunue nini. Muuzaji alimwambia tu kwamba nyimbo za Juma Bhalo 'zinabamba'. Kweli zinabamba, lakini huo si uhakiki. Haumwambii mnunuzi kwa nini atoe pesa zake.

Nilimshauri azichukue pamoja na Malenga wa Mvita, diwani iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa 1971. Wengi huchanganya majina haya. Mwimbaji ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014. Mwenye diwani ni jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyemtungia nyimbo kadhaa. Anayesikiliza tu humpa mwimbaji sifa za mtunzi.

Diwani yenyewe ina ugumu wake. Kimvita husema 'mato' na 'ndia' ambapo shuleni tulifunzwa 'macho' na 'njia'. Dawa ni kuisoma kwa sauti, taratibu, ukihesabu mizani. Sikio lililozoea taarabu litakuongoza.

Na je, ukikosa pesa za vyote viwili? Anza na kitabu, ndugu msomaji. Nyimbo utazisikia harusini.