Usukani Unaocheza: Kasoro Ilikuwa Chini, Si Mkononi

Nahodha wa yoti akilalamika kwamba usukani wake unacheza, huenda anazungumzia moja ya mambo matatu. Gurudumu linaweza kuwa linatikisika kwenye shafti yake, mbele na nyuma. Linaweza kuwa linazunguka bure kwanza, ndipo chombo kianze kugeuka. Au gurudumu limetulia kabisa, lakini kule majini ubao wa usukani unagonga huku na huku ndani ya beringi zake. Mkono ulioshika gurudumu hautofautishi haya matatu, na ndiyo maana kazi nyingi za aina hii huharibika mwanzoni: spana inapelekwa kwenye nati iliyo katikati ya gurudumu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika katika hori ya Kilifi, ambako yoti zinazosafiri Bahari ya Hindi hutia nanga zikisubiri upepo ugeuke. Chombo chenyewe kilikuwa cha faiba, chenye mlingoti mmoja na urefu wa futi 38. Gurudumu lake lilizunguka karibu robo nzima kabla ya omo kuitika. Kwa yoti ambayo gurudumu huzunguka chini ya mara mbili kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, robo ni hatari. Wimbi linalokuja kwa nyuma hulisukuma tezi pembeni kwa ghafla, na nahodha akichelewa kulijibu, chombo hujikuta kimelala ubavu kwa upepo na matanga yote yako juu.

Mwenye chombo alikuwa ameshaikaza nati ya gurudumu, akaikaza tena, na hali haikubadilika. Fundi hakuigusa. Alimweka kijana wake kwenye gurudumu akamwambia, "Lishike hivyo hivyo, lisisogee hata kidogo," kisha akaingia kwa tumbo ndani ya stoo ya tezi akiwa na tochi. Huko ndiko shina la usukani linakopanda kutoka majini, likiwa limebanwa kipande cha duara cha chuma chenye mfereji ukingoni. Nyaya mbili hulala ndani ya mfereji huo, hupita kwenye roda zilizofungwa sakafuni, hupanda ndani ya nguzo inayobeba gurudumu na kuishia kwenye mnyororo unaokaa juu ya gia yenye meno. Gia hiyo iko kwenye shafti ya gurudumu. Ni mpango wa kawaida sana duniani. Kampuni ya Edson ya Marekani, iliyoanzishwa 1859, imejulikana kwa mifumo ya namna hii.

Alikishika kile kipande cha duara kwa mikono miwili akakisukuma. Kilisogea, na juu gurudumu halikutikisika. Jibu moja likawa limepatikana: mchezo ulikuwa kati ya shina na nguzo, si kwenye gurudumu. Wengi wangesema hapo hapo kwamba nyaya zimelegea, zikazwe. Yeye alisukuma tena, safari hii macho yakiwa kwenye roda, na roda ya kulia ikainuka upande mmoja kila aliposukuma. Bolti zake zilikuwa zimeshikwa na plaiwudi iliyolowa maji na kuoza. Waya ulikuwa mzima. Kilichohama ni msingi wake.

Naona hapa ndipo thamani yote ya kazi ile ilipokuwa. Waya unapopinda kwenye roda kwa pembe ya digrii 90, roda haibebi mvuto wa waya tu. Hubeba takriban mara 1.4 ya mvuto huo, kwa kuwa pande zote mbili za waya zinaivuta kwa pamoja. Pindo likikaribia kurudi lilikotoka, mzigo hukaribia mara mbili. Kwa hiyo sehemu inayoumia zaidi katika mfumo mzima ni bolti ndogo zilizojificha gizani, ambazo hakuna anayezikagua. Nyaya zingekazwa siku ile bila kuigusa roda, mzigo ungeongezeka kwenye mbao zilizooza, na roda ingeng'oka baharini badala ya bandarini.

Kile kipande cha duara nacho kina hadithi yake, na inafaa mtu aijue kabla hajafikiria kukibadilisha kwa kipande chochote cha chuma. Merikebu za kivita za Uingereza zilipoanza kutumia gurudumu mwanzoni mwa karne ya 18, kamba ilizungushwa kwenye pipa nyuma ya gurudumu, ikashushwa chini hadi kwenye ncha ya kana, yaani mti wa kugeuzia usukani. Lakini ncha ya kana huzunguka kwa kufuata tao, ilhali kamba zilivutwa kwa mstari ulionyooka. Kana ilipokuwa katikati kamba zilikaza. Ilipokwenda pembeni, urefu unaohitajika ulibadilika na kamba zikalegea. Mshika usukani alikuwa na gurudumu legevu bila kitu chochote kuharibika. Dawa ilikuwa kuifanya kamba nayo ifuate tao, lililojengwa chini ya sitaha. Kipande cha duara cha yoti ya leo kinafanya kazi ile ile: waya ukilala kwenye ukingo wa duara, kiasi kinachoachiwa upande mmoja ni sawasawa na kinachovutwa upande wa pili, kwa pembe yoyote.

Marekebisho yenyewe yalikwenda hivi. Mbao zilizooza zilikatwa hadi zikapatikana zilizo kavu na ngumu, pengo likajazwa plaiwudi mpya iliyogandishwa kwa epoksi. Matundu ya bolti yalitobolewa makubwa kuliko bolti, yakajazwa epoksi, yakatobolewa tena kwa kipimo halisi, ili maji yakipenya yasikutane na mbao. Chini iliwekwa bamba la chuma kisichoshika kutu, na bolti zikapita moja kwa moja hadi kwenye bamba, zikafungwa kwa nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Skrubu za mbao hazikutumika hata moja.

Nyaya zilikaguliwa kabla ya kurudishwa. Waya wa usukani huwa wa aina ya 7 kwa 19: nyuzi 7 zilizosokotwa, kila moja ikiwa na waya nyembamba 19, jumla 133. Wingi huo ndio unaouwezesha kupinda kwenye roda mara nyingi bila kuchoka. Fundi alipitisha karatasi laini ya chooni kuuzunguka waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye waya nyembamba iliyokatika, karatasi hunasa na kuchanika. Usipitishe kidole. Vibano vya mwisho wa waya navyo vilikaguliwa: upande wa tandiko, ule mpana, unatakiwa ukalie waya unaobeba mzigo, na bolti yenye umbo la U ikalie mkia. Vikigeuzwa, bolti huuponda waya ule ule unaotegemewa.

Kukaza kulifanywa gurudumu likiwa katikati, usukani katikati, na mnyororo umegawanyika sawa juu ya gia. Nati za pande mbili zilizungushwa nusu kwa nusu, kushoto kisha kulia, ili usukani usitoke katikati. Kipimo cha kutosha ni kile kile cha mwanzo: gurudumu likishikwa, kipande cha duara kisisogee kwa mikono. Zaidi ya hapo ni madhara. Nyaya zilizokazwa kupita kiasi huzisugua beringi, na nahodha hupoteza ile hisia ya maji mkononi inayomwambia kwamba tanga limezidiwa.

Ndipo ilipofika zamu ya gurudumu. Kipande kidogo cha mraba kinachofunga shafti na kitovu kilikuwa kimelika pembe zake, kikabadilishwa. Nati ikakazwa bila nyundo, kwa sababu kuigonga shafti ni kuzipiga beringi zilizo ndani ya nguzo. Dira, iliyokuwa imeondolewa juu ya nguzo, ilirudishwa na kulinganishwa upya, maana chuma kipya kikiwekwa karibu nayo kinaweza kuipotosha.

Beringi za usukani wenyewe zilisubiri maji ya bamvua, ambayo kwenye pwani ile hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yoti iliegemezwa kwenye nguzo za pwani, maji yakaondoka, na ncha ya chini ya usukani ikasukumwa kwa bega. Ilicheza milimita chache, kiasi kinachovumilika.

Kana ya dharura ilitolewa chini ya godoro ilikokuwa imehifadhiwa, ikajaribiwa kichwani mwa shina. Haikuingia: rangi ya miaka mingi ilikuwa imeziba tundu. Ilisafishwa hadi ikaingia na kutoka kwa mkono mmoja. Kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, gurudumu la merikebu ya Uingereza HMS Victory lilipovunjwa kwa risasi ya mzinga, merikebu iliendelea kuongozwa kwa kana, watu wakiivuta chini ya sitaha. Kwenye yoti mtu mmoja anatosha, ila kana iwe inaingia.

Baada ya matembezi ya kwanza nje ya mwamba, nyaya zilikuwa zimelegea kidogo, kama inavyotarajiwa roda na vibano vinapotulia mahali pake. Nati ziliongezewa nusu mzunguko kila upande, na roda ya kulia ikasukumwa tena kwa mkono. Haikuinuka.