Mfumo Endeshi Usioguswa: Uhakiki wa Hoja ya Uigaji wa Maunzi katika Uhifadhi wa Kidijitali

Utangulizi

Mwezi Januari 1999 Baraza la Maktaba na Rasilimali za Habari la nchini Marekani lilichapisha ripoti ya Jeff Rothenberg kuhusu namna ya kuziokoa nyaraka za kidijitali zisipotee pamoja na mashine zilizozizaa. Hoja yake kuu ni nyepesi kuieleza. Waraka wa kidijitali hausomeki kwa ukamilifu bila programu iliyouunda. Programu hiyo haiendi bila mfumo endeshi wake. Na mfumo endeshi haufanyi kazi bila maunzi ulioandikiwa. Kwa kuwa maunzi huchakaa na viwanda huacha kuyatengeneza, Rothenberg anapendekeza kwamba kitakachoandikwa upya kila kizazi kiwe mashine peke yake: programu ndani ya kompyuta mpya iige maunzi ya kompyuta ya zamani, na juu yake mfumo endeshi wa asili uendeshwe kama ulivyo, bila kubadilishwa hata herufi moja. Makala haya yanaiita programu ya namna hiyo kiigaji, na kazi yake uigaji.

Mwaka huohuo David Bearman alimjibu kwa ukali. Kwake yeye, mtunza nyaraka anadaiwa rekodi iliyo ushahidi wa tendo fulani, na hadaiwi uwezo wa mashine iliyoitoa rekodi hiyo. Anayehifadhi mfumo mzima amekosea kitu cha kuhifadhi. Mjadala huo sasa una zaidi ya miongo miwili, lakini washauri wa sera bado wanaurithi katika umbo lilelile: mafaili yahamishiwe katika miundo mipya, au mashine iigwe? Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimeliacha bila kulichunguza neno linalobeba uzito wote wa hoja, yaani "bila kubadilishwa". Neno hilo ni kweli kwa tabaka moja tu la mfumo. Mabadiliko yaliyozuiwa katika tabaka hilo huhamia katika tabaka jingine, na mara nyingi huhamia mahali ambapo msomaji wa nyaraka hana namna ya kuyaona.

Ushahidi wa SIMH

Mfumo endeshi hauijui chuma. Unajua orodha ya amri ambazo kichakataji huzitii, anwani za kumbukumbu, na namna diski na kituo cha maandishi vinavyojibu vinapoulizwa. Kiigaji kikijibu kama mashine ya asili ingalivyojibu, mfumo endeshi hauna njia ya kutambua kwamba mashine haipo. Mfano ulio imara zaidi ni SIMH, mkusanyiko wa viigaji ulioanzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, aliyewahi kuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni ya DEC. Ndani yake mtafiti anaweza kuwasha PDP-11, kompyuta iliyoingia sokoni mwaka 1970, na kuendesha Unix ya Toleo la Sita la mwaka 1975 kama ilivyotoka Bell Labs.

Mafanikio hayo hunukuliwa mara kwa mara kama uthibitisho kuwa Rothenberg alikuwa sahihi. Yakitazamwa kwa karibu, yanathibitisha jambo finyu zaidi. PDP-11 iliigika kwa sababu DEC ilichapisha vitabu vya mwongozo vilivyoeleza kila amri na kila kifaa kwa undani usio wa kawaida leo. Unix ya kale inaendeshwa kihalali na yeyote kwa sababu mwezi Januari 2002 kampuni ya Caldera iliyaachilia matoleo hayo chini ya leseni huria. Kabla ya hapo palihitajika leseni, hata kama kiigaji kilikuwa tayari. Maarifa ya kiufundi yalikuwa nguzo moja kati ya tatu. Nyingine mbili zilikuwa kitabu na hati ya kisheria, na hizo ndizo ambazo bajeti za miradi ya uhifadhi huzisahau.

SIMH inafundisha jambo jingine lenye uzito kwa hoja hii. Programu iliyomo katika kumbukumbu ya kusomwa tu, yaani ROM, ya mashine ya VAX inayoigwa humo hupima muda kwa mizunguko ya amri, ikitegemea kwamba kila usomaji wa ROM una kasi yake inayojulikana. Juu ya kompyuta ya kisasa mizunguko hiyo huisha upesi mno, na hesabu ya muda ikaharibika. Kwa kuwa ROM haikupaswa kuguswa, waandishi wa SIMH walilazimika kuuchelewesha usomaji wake kwa makusudi. Ubutu wa mashine ya zamani, ambao hakuna mwongozo ulioutaja kama sifa, uligeuka kuwa sehemu ya mashine inayopaswa kuigwa. Programu ya asili ilibaki nzima kwa sababu kiigaji kilipindwa kuifuata. Hilo si kosa la SIMH. Ni uamuzi wa kihariri, sawa na wa mhariri wa muswada anayeamua lahaja ipi ifuatwe, nao unastahili kuandikwa katika maelezo ya nyaraka kama uamuzi mwingine wowote wa kihariri.

Domesday: mashine ilikuwa sehemu ya kitabu

Mfano ambao pande zote mbili za mjadala hupenda kuutumia ni mradi wa Domesday wa BBC. Mwaka 1986, miaka 900 baada ya kitabu cha mapato cha mfalme William wa Kwanza, BBC kwa kushirikiana na Acorn, Philips na Logica ilitoa diski mbili za leza zenye picha, ramani na maandishi kuhusu maisha ya Uingereza. Zaidi ya watu milioni moja walichangia, wengi wao wanafunzi wa shule, kila kundi likieleza kipande chake cha nchi cha kilomita 4 kwa 3. Diski hizo zilisomwa na kompyuta ya BBC Master iliyoongezewa vifaa maalumu na kuunganishwa na kichezeshi cha diski cha Philips. Seti nzima iligharimu takriban pauni 5,000, na shule nyingi zilizochangia hazikumudu kununua kile zilichokiandika. Kufikia mwanzo wa karne hii mashine zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa chache, ilhali ngozi za mwaka 1086 zilisomeka.

Mradi wa CAMiLEON, wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, ulionyesha kiigaji cha mfumo huo mwishoni mwa mwaka 2002. Habari zilizoenea baada ya hapo zilisimulia ushindi. Namna kazi yenyewe ilivyogawanyika husimuliwa kwa nadra. Kichakataji hakikuwa tatizo: wapenzi wa kompyuta za BBC walikuwa wamekwisha kuandika kiigaji chake kwa hiari yao, na watafiti walianzia hapo. Kazi ngumu ilikuwa kichezeshi cha diski. Kila upande wa diski ulibeba hadi megabaiti 324 za data za kidijitali, lakini pia ulibeba hadi fremu 54,000 za picha za analogi, na picha ya analogi haiigiki. Sharti igeuzwe kuwa tarakimu. Mtu fulani aliamua igeuzwe kwa ubora upi, kwa rangi zipi, na makwaruzo ya ishara yachukuliwe kama yalivyo au yasafishwe. Programu ya Domesday ilibaki kama ilivyoandikwa mwaka 1986. Picha zake zilikuwa tafsiri.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi kwa juhudi ya pili iliyokwenda sambamba na ya kwanza. Kanda mama za video zilizotumika kutengeneza diski zilikuwa bado zipo BBC, nazo zilipogeuzwa kuwa tarakimu zilitoa picha nzuri kuliko zilizowahi kuonekana kwenye kioo chochote cha mwaka 1986. Ipi basi ni Domesday ya kweli? Anayemfuata Rothenberg atachagua picha hafifu za diski, kwa kuwa ndizo walizoziona watumiaji. Anayemfuata Bearman atachagua kanda, kwa kuwa maudhui yake yana uthabiti zaidi. Kwa mtafiti majibu yote mawili yanafaa, mradi aambiwe lipi amepewa. Bearman, hata hivyo, anapwaya hapa kuliko mwenzake. Maana ya Domesday ilikuwamo katika kutembea: mtumiaji aliishuka ramani kutoka nchi nzima hadi kijiji, kisha akakutana na maelezo ya mtoto wa kijiji hicho. Anayetoa maandishi na kuyaweka katika jedwali amehifadhi maneno ya watoto hao na kuutupa mpangilio uliowapa mahali pa kusimama.

Suala la haki nalo lilibaki palepale. Maandishi ya watu milioni moja, picha za wapigapicha wengi na ramani za Ordnance Survey haviwi mali ya umma eti kwa sababu mashine imefufuliwa.

Chumba cha kusomea

Kesi ya karatasi za Salman Rushdie katika Chuo Kikuu cha Emory inafaa kutajwa kwa ufupi, kwani inaonyesha mabadiliko yakihamia nje kabisa ya kompyuta. Tangu mwaka 2010 msomaji katika chumba cha nyaraka cha Emory ameweza kufungua nakala iliyoigwa ya Macintosh Performa 5400 ya mwandishi huyo, na kupita katika makabrasha yake akiwa ndani ya mfumo endeshi uleule alioutumia. Hata hivyo, msomaji haoni kila kilichokuwamo, kwa sababu sehemu ya mafaili imezuiwa kwa makubaliano na mwandishi, kama inavyostahili kwa mtu aliye hai. Mfumo haukubadilishwa, kilichomo kilichujwa. Uigaji hapa unaleta hatari ambayo folda ya karatasi haina: kioo kikifanana kabisa na meza ya mwandishi, msomaji husahau kuwa kuna droo zilizofungwa.

Kinachohusu Afrika Mashariki

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. Wanaotafiti istilahi za kompyuta huzichunguza programu za aina hiyo kwa kutumia orodha za maneno. Orodha haionyeshi nafasi iliyokuwapo kwenye kitufe, neno lililokatwa kwa kuwa kirefu mno, wala istilahi mbili zilizogongana katika dirisha moja. Hayo huonekana programu inapoendeshwa katika mfumo endeshi wa wakati wake. Kesi hii ni rahisi kuliko ya Domesday kwa kila kipimo: leseni ni huria, maunzi ni kompyuta za kawaida, na QEMU, kiigaji huria kilichoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huyaiga bila shida. Maktaba ya eneo hili ikitaka kujifunza kazi hii, na ianze na programu ambayo hakuna wakili atakayeipinga.

Programu zenye miliki ni habari nyingine. Sheria za kuweka nakala za machapisho katika maktaba za taifa ziliandikwa kwa kukifikiria kitabu. Kwa upande wa Marekani, uamuzi wa Oktoba 2018 uliruhusu maktaba na hifadhi za nyaraka kuvunja vizuizi vya kiteknolojia kwa ajili ya kuhifadhi programu, lakini wakati huo ulitaka nakala hizo zisitumiwe nje ya majengo yao. Sharti hilo likinakiliwa katika ukanda huu neno kwa neno, mtafiti wa Kigoma au Kisumu atalazimika kusafiri hadi mji mkuu ili atazame kioo ambacho kingeweza kufika kwake kwa mtandao.

Kwa taasisi za umma zinazonunua mifumo ya kumbukumbu sasa hivi, wakati wa kudai ni kabla ya kutia saini mkataba. Muuzaji na akabidhi nakala kamili ya diski ya usakinishaji, miongozo ya maunzi na ya miundo ya data, na kibali cha maandishi cha kuuendesha mfumo ndani ya kiigaji siku huduma yake itakapokoma. Kampuni ikishafungwa au kuuzwa, hatakuwapo ofisa wa kukitoa kibali hicho.